Mshahara, mikorosho au hela ya kila siku: nani wa kuoana naye huku Kusini

Posa ikishapokelewa na maji yakishanywewa, swali la kwanza huwa halichelewi: kijana anajishughulisha na nini? Mshenga hujibu kwa neno moja au mawili. "Mwalimu." "Ana mikorosho yake Kitangari." "Ana bodaboda." Wazee wanatazamana, mama anaitwa pembeni, na kuanzia hapo mahari inaanza kupanda au kushuka. Mimi ndiye huyo mshenga. Nimetumwa na vijana wa Mtwara mjini, wa Newala, wa Masasi, mpaka Nachingwea, na ninavyoona jibu hilo haliwasaidii sana wanaouliza. Walimu wawili wa daraja moja la mshahara, mmoja anaishi vizuri, mwingine anakopa chumvi kwa jirani. Wakulima wawili wenye mikorosho sawa, mmoja anajenga, mwingine kila ikifika mwezi wa tatu mkewe anarudi kwao kula.

Siku hizi swali limegeukia upande wa pili pia. Vijana wananiuliza binti anaingiza nini, ana ajira, yumo kwenye VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, ila wanauliza kwa sauti ya chini wasije wakaonekana wanataka kulelewa. Hakuna aibu hapo. Anayeoa nesi na anayeolewa na mvuvi wote wanapiga hesabu, basi bora waipige vizuri.

Nalinganisha hapa vipato vitatu ninavyokutana navyo zaidi, halafu mahali pa kuishi, halafu kazi za ndani ya nyumba. Sitaanza na nani ana hela nyingi. Nauliza hela inaingia lini, mali imeandikwa jina la nani, na siku hela imekata nani anakwenda kuteka maji.

Mwenye mikorosho

Huku hela kubwa ni ya korosho. Mkulima anapeleka mzigo AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, unapimwa, unakwenda ghala kuu, unanadiwa, na malipo yanaingia benki yakiwa yameshakatwa. Huo ndio mfumo wa stakabadhi ghalani tunaoenda nao tangu msimu wa 2007. Minada huanza Oktoba na kuelekea Desemba au Januari. Kwa hiyo mchumba wa korosho ana miezi mitatu minne ya kutembea kifua mbele, na iliyobaki ni ya kusubiri.

Na hata hiyo mitatu minne haina uhakika. Mwaka 2018 wakulima waligomea bei za wanunuzi mpaka Serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wanajeshi wakaingia kazini kubeba mzigo. Msimu wa 2023 bei zilizunguka huko karibu na 2,000. Oktoba 2024, mnada wa kwanza wa TANECU, ushirika wa Tandahimba na Newala, bei ya juu ikagonga 4,120. Chukua mtu wa tani moja. Kwa bei ya 2,000 anapata milioni mbili. Gawa kwa miezi 12, ni kama 166,000 kwa mwezi. Kwa bei ya 4,000 anapata milioni nne, kama 333,000 kwa mwezi. Hapo hujatoa palizi, vibarua, mafuta ya mashine ya kupulizia salfa, na makato ya ushirika. Kima cha chini cha mshahara serikalini, tangu Julai 2025, ni 500,000. Yule kijana anayepita na pikipiki mpya mwezi wa kumi na moja, akimpita karani wa ofisi ya kata anayetembea kwa miguu, ukiwahesabu kwa mwaka mzima anaweza kuwa yuko nyuma ya karani.

Halafu kuna kangomba. Kwa msomaji wa mikoa mingine: mwenye fedha anamkopesha mkulima mwezi wa tano au wa sita, wakati wa dhiki, kwa makubaliano ya kulipwa korosho msimu ukifika, kwa bei ya kutupa. Imepigwa marufuku na bado ipo, kwa sababu dhiki nayo bado ipo. Mchumba anaweza kukutembeza shambani mwezi wa nane, mikorosho imechanua, hakuna dalili ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, ukahesabu mstari kwa mstari na roho ikatulia, kumbe nusu ya mavuno yana mwenyewe tayari. Deni halionekani kwenye maua. Kwa hiyo ukitaka kujua kipato cha mwenye mikorosho, usiende shambani. Omba stakabadhi za AMCOS za msimu uliopita. Kilo zilizopita kwenye mzani kwa jina lake zimeandikwa pale, na kama ana shamba kubwa lakini stakabadhi zinasoma gunia nne, uliza nyingine zilipitia wapi.

Nimewahi kuwekewa wawili wa aina hii na familia iliyotaka ushauri wangu pembeni. Wa kwanza anafika tani tatu mwaka ukiwa mzuri, hana zao lingine, na mwezi wa sita hakosekani kwa wenye kangomba. Wa pili ana tani moja, lakini analima ufuta ambao minada yake inaanza mwezi wa sita, analima mbaazi zinazouzwa kuanzia Agosti, na ana mihogo isiyohitaji mnada wala benki. Ningekuwa na binti angekwenda kwa wa pili, na sihitaji kulala nilifikirie. Hela yake ndogo inaingia mara tatu kwa mwaka. Februari na Machi, mvua zinapiga, akiba imeisha na mahindi hayajakomaa, kwake kuna cha kuchimba. Tani tatu za yule mwingine zinaliwa na watu wasiokaa nyumbani kwake.

Na jambo la msimu nalo, aliseme nani kama si mshenga? Mwezi wa kumi na mbili ndoa ni nyingi, na baadhi ni za wanaume wenye mke tayari. Anaongezwa wa pili, ngoma inapigwa, na mwezi wa nne huyo wa pili yuko kwao na sanduku lake. Watu wanacheka. Anayeumia ni mke wa kwanza aliyeokota korosho zile chini ya mti, kikapu kwa kikapu, na binti wa watu aliyedhani ameolewa. Kuoa wake wengi dini inaruhusu kwa masharti, na Sheria ya Ndoa ya 1971 inaitambua ndoa ya namna hiyo. Sina ugomvi na hilo. Lakini mke wa pili anayeletwa na bei ya mnada hana matumizi ya mwezi wa tatu, na yeye ndiye wa kwanza kulijua hilo.

Kwa mwanamke anayekwenda kwa mkulima, swali langu moja linazidi yote: nitapeleka korosho kwa jina langu? Kazi ya kuokota, kukausha na kubangua za kula na kuuza barabarani iko mikononi mwa wanawake na watoto. Jina kwenye daftari la AMCOS mara nyingi ni la baba. Mwanamke anaruhusiwa kuwa mwanachama na kuwa na akaunti yake. Mwanamume anayekubali mikorosho ishirini iingie kwa jina la mkewe, kabla hata ya harusi, ameshajibu maswali mengi ambayo wazee hawakuyauliza.

Mwenye mshahara

Mshahara una tarehe, na kwa wengi wetu hiyo inatosha kuushinda mzigo wa korosho. Mtumishi wa umma ana pensheni anayochangiwa na mwajiri, na ana bima ya afya inayomchukua mwenza na wategemezi. Anayejua gharama ya kujifungua kwa upasuaji, au ya mtoto kulazwa wiki nzima hospitali ya Ligula, hawezi kuiweka bima pembeni anapopima wachumba.

Tatizo la mshahara ni kwamba watu wanausikia ukiwa mzima. Unaambiwa mwalimu anapata laki tisa. Kama alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi inaondoka kabla hajaigusa. Inatoka michango, inatoka kodi, na kama ameshachukua mkopo wa benki kununua kiwanja au kulipia harusi ya mdogo wake, inatoka tena. Utaratibu wa utumishi unataka mtumishi abaki na angalau theluthi moja ya mshahara wake, na wengi wako pale pale kwenye theluthi. Laki tisa ya mdomoni ni laki tatu ya mkononi. Baada ya hapo, mwezi ukiwa mrefu, anakwenda kwa watu wa kausha damu, wakopeshaji wa riba kubwa, na hao hawana theluthi.

Kwa hiyo kwa mwenye mshahara naomba salari slipu. Kijana mmoja aliniambia hilo ni swali la polisi. Nikamuuliza benki walipoitaka aliwaambia hivyo?

Kingine ni ndugu. Kwenye ukoo wenye mshahara mmoja, mshahara huo ni wa ukoo. Nesi wa Masasi analipia ada za watoto wa dada yake, na kwa desturi zetu hilo si hisani, watoto wa dada ni wake pia. Kijana anayemwoa akidhani ameoa laki sita, akakuta laki mbili zina njia zake tangu zamani, atasema ameibiwa. Hajaibiwa. Hakuuliza. Ni afadhali binti aseme mapema: hawa wawili nitawasomesha mpaka wamalize, baada ya hapo tunazungumza.

Kisha uhamisho. Mikorosho haihami, duka linahama kwa shida, mtumishi anahamishwa kwa barua. Nimeona ndoa za mke Liwale na mume Mtwara mjini, nauli peke yake inakula akiba. Kuomba kumfuata mwenza kunakubalika kama sababu ya uhamisho, lakini barua hizo zina mwendo wake.

Jozi ninayoipenda kuliko zote huku ni mwenye mshahara mmoja na mwenye mikorosho mmoja, wote wilaya moja. Mshahara unalisha miezi mikavu ili mtu asiende kwenye kangomba. Korosho isiyoliwa mwezi wa sita inajenga mwezi wa kumi na mbili. Walimu wawili wana raha ya tarehe lakini wote wanakauka siku moja. Wakulima wawili wa korosho tupu ndio wako hatarini zaidi.

Hela ya kila siku

Bodaboda, mvuvi, mwenye genge, mama wa maandazi. Hapa sitakaa sana, maana hesabu yake ni fupi. Kwa bodaboda uliza pikipiki ni yake, ya mkataba au ya hesabu. Ya hesabu maana yake kila jioni kuna mtu anayelipwa kabla ya watoto. Ya mkataba ikiisha ni mali, ila mpaka iishe haitakiwi kuugua mtu. Mvuvi wa Mikindani au Kilwa anaweza kurudi na hela ya wiki nzima kwa usiku mmoja, na kusi likivuma akakaa ufukweni anashona nyavu. Wanawake wa mwambao wana hela zao ambazo wachumba wanazisahau: mwani, na pweza wanaochokolewa miambani maji ya bamvua yakitoka. Ni hela inayofuata mwezi wa angani, na mwenye kuizoea anaijua kalenda yake kuliko mtumishi anavyoijua ya kwake.

Ubaya wa hela ya kila siku ni kwamba inaingia bila kuonekana na inatoka hivyo hivyo. Mali bila daftari huisha bila habari. Mchumba wa kundi hili mwulize kitu kimoja tu, mwaka jana alinunua nini ambacho bado kipo. Bati, kiwanja, cherehani, mbuzi. Akianza kuhesabu safari na sherehe, umeshajua.

Nyumba iko kwa nani

Hapa ndipo wageni wanaooa kwetu wanapojikwaa, na hata sisi wenyewe tunajisahau. Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera kwa asili ni watu wa upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, mjomba ana sauti, na zamani mwanamume ndiye aliyehamia kwa wakwe, akalima huko huku akitazamwa. Dini zikaja na mirathi yake, vijiji vya ujamaa vya miaka ya 1970 vikahamisha watu, na mikorosho yenyewe ikabadilisha mambo: mti unaoishi na kuzaa kwa miongo, baba anataka aurithi mwanawe, si mpwa. Matokeo yake leo, katika kijiji kimoja, utakuta nyumba tatu jirani kila moja inafuata utaratibu wake. Ndiyo maana kusema "ana shamba" ni kusema nusu ya habari.

Mume akihamia kwa mke, mwanamke yuko salama. Ardhi ni ya mama yake, dada zake wako hatua chache, akijifungua hakosi mtu wa kumkanda. Ndoa ikivunjika hakuna wa kumtoa. Anayekaa kwa mashaka ni mume. Anapanda mikorosho kwenye ardhi isiyo yake, inaanza kuzaa, na mkikosana anaondoka na nguo zake. Wanaume wanaolijua hilo hawaleti hela yote nyumbani. Nyingine inakwenda kwa dada zao, kwenye shamba wanalolihesabu kuwa ndilo lao. Mke anaona mume mbahili. Mume anajiwekea pa kurudi. Ugomvi mwingi ninaoitwa kusuluhisha chanzo chake ni hiki, na ungeisha kwa karatasi moja iliyosainiwa mbele ya mwenyekiti wa kijiji: miti hii imepandwa na fulani, likitokea la kutokea, mavuno yatagawiwa hivi.

Mke akihamia kwa mume, meza inageuka. Anaweza kupalilia shamba la mume miaka mingi kumbe si la mume, ni la ukoo wa mama wa mume. Mume akifariki, wajomba na wapwa wanafika na maneno ya upole. Kwa mirathi ya Kiislamu mjane mwenye watoto anapata moja ya nane ya mali ya marehemu. Lakini iwe mali ya marehemu kwanza. Moja ya nane ya shamba la ukoo ni maneno matupu. Ndiyo maana mimi, kama ni kumshauri mwanamke kati ya mume wa tani tatu anayempeleka kwa ukoo wake, na mume wa tani moja anayekubali kuhamia kwa kina binti, namwambia amchukue wa tani moja. Najua wapo watakaoona namdhalilisha mwanamume.

Njia ya tatu ni kiwanja chenu wenyewe, Mangamba, Naliendele, au nje kidogo ya Masasi, mbali na mama wa kila upande. Vijana wengi wanaelekea huko na mimi nawaunga mkono, kwa sharti la majina. Sheria ya Ndoa inasema kila mmoja anabaki na mali yake. Kilichoandikwa jina la mmoja kinachukuliwa kuwa chake mpaka ithibitishwe vinginevyo, na kilichoandikwa majina ya wote kinachukuliwa kuwa cha wote sawa kwa sawa. Inasema pia nyumba mnayoishi haiuzwi wala kuwekwa rehani na mmoja bila ridhaa ya mwenzake, na hilo likumbukwe siku mtu wa kausha damu anapoulizia hati. Wanaonunua kiwanja na kuandika jina la mume peke yake "kwa sababu ndiye kichwa cha nyumba" waelewe wameandika nini.

Na kwa mwanamke ambaye hana mshahara wala shamba, anayeambiwa huchangii kitu: mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango unaohesabika katika mali waliyochuma wanandoa. Kesi hiyo inatajwa sana kwenye semina, ila mwisho wake hautajwi sana. Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo zaidi, kwa sababu mahakama iliona alizitapanya fedha alizopewa na mumewe kwa ajili ya mradi wa familia. Jasho la jikoni linahesabika, na hela uliyokabidhiwa nayo inahesabiwa.

Nani anafanya nini ndani

Nimesikia mipango ya kila aina, lakini yote inaangukia kwenye mitatu: mume analeta na mke anashika nyumba, wote wanaleta, au mke analeta zaidi.

Ule wa kwanza una nguvu ya dini na ya sheria. Matumizi ni wajibu wa mume, na mali ya mke ni yake. Sheria ya Ndoa nayo inamtaka mume amtunze mkewe, na inamgeuzia mke wajibu huo pale tu mume anapokuwa hajiwezi. Mpango huu unafanya kazi vizuri kama hela ya mume ina tarehe. Kwa mwenye korosho tupu unavunjika Februari, na hapo mke ambaye "hafanyi kazi" ndiye anayetafuta mboga, ndiye anayekaanga maandazi, ndiye anayekwenda kukopa kikundini. Tusidanganyane kwamba kuna mama wa nyumbani Tandahimba anayekaa tu.

Wa pili, wote wanaleta, ndio unaosifiwa na ndio wenye kelele. Kila mmoja anasoma nusu ya sheria inayompendeza. Mume anakumbuka yeye ni kichwa; mke anakumbuka hela yake ni yake. Dawa niliyoona ikifanya kazi ni kugawana vitu, si kugawana kiasi: chakula na ada vya mume, bima na mavazi ya watoto vya mke, na kiwanja kiingie hela ya wote kwa majina ya wote. Ukisema "tutachangia nusu kwa nusu" utagombana kila mwezi, kwa kuwa mmoja anapata kila mwezi na mwingine anapata Novemba.

Mpango wa tatu unawatisha wanaume bila sababu, na wanawake wanaurukia bila kuuliza. Shida yake si hela. Ni maji. Huku juu kwenye uwanda wa Makonde maji yamekuwa taabu tangu enzi za babu zetu. Watu walishuka mabondeni kuyafuata na kupanda nayo. Mabomba yamefika sehemu nyingi, lakini siku bomba limekauka ni dumu kichwani au hela ya kununua dumu. Mwanamke anayelipa kodi ya nyumba, anayelipa ada, kisha anaamka saa kumi kuwahi foleni ya maji huku mume amelala, huyo hamalizi miaka. Ataondoka, na watu watasema mshahara umempa kiburi.

Namjua muuguzi mmoja aliyeolewa na mwenye mikorosho michache. Wiki ya zamu ya usiku, mume ndiye anayefunga madumu manne kwenye baiskeli, anaogesha watoto, anasonga ugali, na mke akirudi asubuhi anakuta maji ya kuoga yamefunikwa na kifuniko cha sufuria. Wenzake wakaanza kumwita mlishwa limbwata. Akawajibu pale pale kwenye bao, bila kuinua macho: "Limbwata gani? Nala mshahara." Hawakumrudia. Jirani yake upande wa pili ana mke anayeuza samaki wakavu mnadani na kulisha nyumba nzima, na mume huyo akitoka asubuhi anaacha kijiko kimelala alipokikuta. Kwenye kikao cha posa wanaume hawa wawili walitajwa kwa neno moja, "mkulima".

Tabia hii inaonekana kabla ya ndoa, ukijua pa kutazama. Kijana anayeishi kwa mama yake, nani anajaza pipa? Akiugua mama, nani anapika? Kwa upande wa binti, unyago umemfundisha mengi, heshima, usafi, kumtunza mtu. Lakini sijamsikia somo anayemfundisha mwari kusoma stakabadhi au kumwambia mumewe mkopo ule hapana. Kijana anayetaka mke atakayeshika hela ya msimu amtazame kwenye kikundi chake: marejesho yake yako sawa, au kila Jumapili ana hadithi?

Wazee wananiambia mchagua nazi hupata koroma. Sawa, ila mimi sisemi tutafute nazi kubwa kuliko zote. Nauliza tu imeangukia shamba la nani.

Namna ya kuuliza

Haya hayaulizwi mbele ya kadamnasi. Yaulizwe kupitia mshenga, baada ya barua ya posa na kabla ya kukubaliana mahari, maana mahari ikishalipwa kila mtu anaona haya kurudi nyuma. Mahari yenyewe isiwe kipimo. Sheria ya Ndoa haiivunji ndoa kwa sababu mahari haijalipwa, na kijana anayekopa kausha damu ili mkaja wa mama na kilemba cha mjomba vionekane vikubwa, deni hilo binti ndiye atakayekwenda kulilipa. Kuna pia siku 21 ambazo sheria inazitaka kati ya kutoa taarifa ya kusudio na kufunga ndoa. Watu wanazimalizia kwenye kushona sare.

Kwa upande wangu, kijana akinituma namwomba vitu vitatu, kwa kadiri anavyohusika: salari slipu ya karibuni, stakabadhi za msimu uliopita, na karatasi ya mauziano ya ardhi anayoiita yake. Familia ya binti ikivitaka ninavyo mfukoni, isipovitaka navirudisha. Na ninamwomba binti naye, kwa njia ya shangazi au mama mdogo wake, aseme anaingiza nini, anadaiwa nini na anamsomesha nani. Aliyegoma kutoa hata kimoja simlaumu, ni haki yake. Namwambia tu atafute mshenga mwingine, mimi siku hiyo nitakuwa shambani.